Wakanda iko na madini, wachimbaji wako wapi?

Studio ya Marvel kule Marekani imepanga kutoa filamu mupya, Avengers: Doomsday, mwezi wa Disemba 2026. Ndani yake watarudi Shuri na M'Baku wa Wakanda, pamoja na Namor, ule mufalme wa chini ya bahari. Wote watatu walizaliwa mu vitabu vya katuni, na vita yao yote inazunguka madini. Kabla filamu hiyo haijafika ku simu za vijana wetu, tujiulize maneno mawili: ni nini inafanya katuni igeuke filamu nzuri? Na sisi watu wa madini tuangalie nini ndani yake?

Filamu inafika mbele ya barabara

Kuna watu watasema katuni ni mambo ya watoto, afazali gazeti liandike bei ya zahabu. Wako na haki ya kusema hivyo. Lakini angalieni kijana anayetoka shimoni jioni. Amenawa, amekula, sasa anatafuta fasi yenye jenereta inawaka. Ku karieri nyingi za Fizi na Mwenga, filamu inafika mbele ya barabara, mbele ya hospitali, na mara nyingine mbele ya shule. Inafika ndani ya kadi ndogo ya simu, inapita mukono kwa mukono, na wiki moja kambi nzima imeiona. Kwa hiyo kitu ambacho filamu inafundisha juu ya madini, juu ya ushujaa na juu ya kifo, hakiwezi kuwa muchezo kwetu.

Tena filamu nyingi hazifiki kwetu vile zilitengenezwa. Zinapita kwanza mu kinywa cha mufasiri. Dar es Salaam walimujua Lufufu, Nairobi wanamujua DJ Afro, na Uganda wako na wafasiri wao wanaoitwa VJ. Mutu huyo anakaa na mikrofoni, anafunika sauti ya wazungu, anawapa wachezaji majina ya mutaani, anaongeza utani na mezali. Shujaa wa New York anaanza kusema kama kijana wa Kariakoo. Wengine wanazarau kazi hiyo. Mimi naona wafasiri hawa wanatufundisha jambo la kwanza la somo letu: hadisi ikihama nyumba, lazima ibadilishe nguo. Swali ni moja tu: ikibadilisha nguo, roho inabaki?

Nguvu si kitu, deni njo kitu

Superman alitoka mu katuni mwaka wa 1938, Batman 1939, Spider-Man 1962. Tangu zamani watu wa sinema wanajaribu kuwapeleka ku ekrani. Mara nyingi wanashindwa, na wanashindwa kwa sababu moja: wanazani watu wanapenda nguo na nguvu. Wanaweka moto mingi, wanaangusha magorofa, wanarusha magari, na mutu anatoka mu sale amechoka macho tu. Mwaka wa 2024 zilitoka Madame Web na Kraven the Hunter, zote mbili za watu wa katuni ya Spider-Man. Pesa ilitumika mingi, watazamaji hawakuzipenda, na leo ni nani anazizungumuzia?

Linganisha na Spider-Man 2 ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Sam Raimi. Kijana Peter Parker anaweza kusimamisha treni kwa mikono yake, lakini hawezi kulipa kodi ya chumba. Anapeleka pizza kwa watu, anachelewa, anafukuzwa kazi. Mama yake mudogo, yule amemulea, nyumba yake inataka kuchukuliwa na banki. Kila muchimbaji anaelewa kijana huyo bila mufasiri. Unatoka shimoni na mikono yenye imevunja mwamba, lakini mwenye kukupa chakula kwa deni anakungojea ku mulango. Nguvu yako ya mwili haimalizi hesabu ya nyumbani. Filamu hiyo ilifaulu kwa sababu ilichukua kutoka mu katuni kile kitu cha ndani kabisa: mutu mwenye nguvu, na nguvu ile haimusaidii fasi inamuuma.

Hii njo kanuni ya kwanza. Muongozaji mwenye akili anafungua kitabu na kutafuta kidonda. Akikipata, anaweza kubadilisha rangi ya nguo, mwaka, muji, hata mwisho wa hadisi, na wale waliosoma kitabu watamutambua shujaa wao. Akikosa kidonda, hata achore kila ukurasa vile ulivyo, hatakuwa na shujaa. Atakuwa na nguo yenye kutembea.

Vile Black Panther alihama

Sasa tuingie Wakanda. Black Panther alichorwa mara ya kwanza mwaka wa 1966 na Jack Kirby, na mwandishi alikuwa Stan Lee, mu kitabu cha Fantastic Four namba 52. Wote wawili walikuwa wazungu wa New York. Angalia tarehe: Kongo ilikuwa na miaka 6 tu ya uhuru, na Lumumba alikuwa ameuawa tangu Januari 1961. Ndani ya katuni ile, mufalme wa Kiafrika T'Challa iko na inchi yenye mashine kupita za Ulaya, na utajiri wake unatoka mu madini yasiyopatikana fasi ingine, vibranium. Muzungu mumoja, Klaw, alikuja kuyatafuta na akamuua baba wa T'Challa. Kwa hiyo tangu ukurasa wa kwanza, hii ilikuwa hadisi ya madini na damu.

Filamu ilitoka Februari 2018, ikiongozwa na Ryan Coogler. Ilipata zaidi ya dola miliari moja duniani na ikachukua Oscar 3, moja kati yake ya nguo, iliyopewa Ruth E. Carter. Kwa nini ilifaulu? Si juu ya kufuata kitabu neno kwa neno. Ilijua kitu cha kutupa, kitu cha kuweka, na kitu cha kugeuza.

Kitu cha kutupa: mu katuni, M'Baku alipewa jina la "Mutu-Nyani", na alivaa ngozi ya nyani. Mwafrika kuitwa nyani, sisi tunajua hiyo lugha inatoka wapi. Filamu ikafuta jina hilo. M'Baku akabaki kuwa mukubwa wa watu wa milimani, mwenye heshima, mwenye kuchekesha, anayekataa kuamuriwa na watu wa muji, na siku ya shida anakuja kuwasaidia. Watu wetu wa juu milimani, kule Mulenge na kwingine, wanajua ladha ya kungojea wakubwa wa bondeni wawakumbuke.

Kitu cha kuweka: ufalme wenye siri, baba aliyeuawa, na madini. Na walipotafuta sura ya Wakanda, hawakuichora mu kichwa tu. Wachezaji wanasema Kixhosa mu fasi mingi. Shanga na nguo zilitazama watu wa kweli, kama Wamaasai na Waturkana, na mablanketi ya Lesotho. Kati ya wachezaji muna Lupita Nyong'o wa Kenya, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, na Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni Waganda. Muna watu watasema hiyo ni supu ya inchi zote iliyochanganywa mu nyungu moja. Ni kweli, iko supu. Lakini angalau wapishi walienda sokoni.

Kitu cha kugeuza: adui. Na hapa lazima tukae kidogo.

Adui mwenye sababu

Watoto wetu wanamuita "chef bandit". Mu filamu mbaya, chef bandit ni mubaya kwa sababu ni mubaya. Anacheka, anaua, anakufa, bile inaisha. Mu filamu nzuri, chef bandit anasema neno moja ambalo linakukera kwa sababu ni kweli.

Katuni ilikuwa na Killmonger tangu 1973. Alikuwa adui wa T'Challa, mwenye hasira juu ya familia yake iliyotupwa inje. Filamu ikamusogeza karibu zaidi: ikamufanya mutoto wa baba mudogo wa mufalme, damu moja. Baba wa T'Challa alimuua ndugu yake mwenyewe kule Oakland, Marekani, mwaka wa 1992, kisha akamuacha mutoto pale peke yake, ili siri ya ufalme isijulikane. Mutoto huyo anakomaa na swali moja: munakaa juu ya mali yote hiyo, na sisi ndugu zenu tunateseka, mulikuwa wapi?

Njia yake ni ya damu, na filamu haimusifu. Lakini swali lake halikufa pamoja naye. T'Challa mwenyewe anaenda mbele ya baba zake waliokufa na kuwaambia kwamba walikosea. Huyo njo shujaa: alisikia ukweli kutoka kinywa cha adui, akabadilisha sheria ya nyumba yake. Christopher Nolan alifanya kazi karibu na hiyo mwaka wa 2008 mu The Dark Knight, fasi Heath Ledger alicheza Joker. Joker hataki pesa. Anataka kuonyesha kwamba watu wazuri wa muji ni wazuri kwa sababu hawajapimwa. Kila mutu ndani ya sale anaanza kujipima.

Kanuni ya pili basi: umupe adui sababu, na umupe shujaa kosa ndani ya nyumba yake. Sisi tunaishi mu eneo ambalo kila kundi liko na "chef bandit" wake, na kila "chef bandit" iko shujaa kwa mama yake. Filamu inayomufundisha kijana kuuliza "huyu anapigana juu ya nini?" mbele ya kuuliza "nani atashinda?" imefanya kazi kuliko hotuba mingi.

Mali bila mikono

Sasa tufike ku maneno ambayo wandishi wa sinema wa Paris na New York wanayapita haraka, kwa sababu wao hawajawahi kushuka mu shimo.

Mwisho wa filamu ya 2018, T'Challa na Killmonger wanapigana ndani ya mugodi wa vibranium. Fasi ni ya ajabu: giza, mwanga wa buluu, treni zinapita bila kugusa chini. Madini iko. Treni iko. Mashine iko. Muchimbaji iko wapi? Hakuna hata mumoja mwenye jina. Hakuna anayetoka na vumbi ku kope za macho. Hakuna mwanamuke anayetwanga mawe kama mama zetu wa Kamituga, wale tunawaita twangaise, wenye kuamuka gizani na mutoto mugongoni. Hakuna PDG wa shimo anayegawanya mifuko, hakuna negosianti mwenye mizani, hakuna anayeuliza gramu moja leo ni ngapi. Wakanda ni tajiri, na utajiri wake unatoka chini kama maji ya chemichemi, peke yake.

Musinielewe vibaya. Filamu ya shujaa haina lazima ya kuwa ripoti ya kamati ya madini. Watu waliotoka mu utumwa na mu ukoloni walihitaji kuona inchi moja ya watu weusi isiyoguswa, hata ya uongo. Ndoto hiyo iko na kazi yake. Lakini ndoto ya mali bila mikono ni ndoto ya zamani sana, na si sisi tuliiota. Uranyumu wa Shinkolobwe, kule Katanga, njo ulitoa sehemu kubwa ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Dunia inajua majina ya waliotengeneza bomu, inajua jina la ndege na la rubani. Ni nani anajua jina la mutu mumoja aliyeupakia uranyumu huo mu mifuko? Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Koltani yetu iko ndani ya simu ambayo kijana anaangalia nayo filamu ya vibranium. Anashika madini mukononi, anaangalia madini ku ekrani, na fasi zote mbili haoni baba yake.

Hapa najibu swali la kwanza kwa namna yetu. Filamu nzuri inayotoka mu katuni ya madini ni ile inatuambia nani anachimba. Hata kwa dakika mbili. Hata kwa mutu mumoja anayepita na taa ku kichwa, shujaa anamusalimia kwa jina. Black Panther ni filamu kubwa, naiheshimu, na niko na madai hayo juu yake. Madai hayo hayaivunji. Mutu hadai kwa maskini; anadai kwa mwenye nacho.

Wawili wenye mali wanapigana, watatu anangojea

Filamu ya pili, Wakanda Forever, ilitoka Novemba 2022, na kwa maoni yangu ilikaribia zaidi mambo yetu. Karibu na mwanzo wake tunaingia ku Umoja wa Mataifa: inchi kubwa zinalalamika kwamba Wakanda haigawi madini yake. Wakati huohuo watu wenye silaha wamejaribu kuyaiba kule Mali, na Malkia Ramonda anawaleta askari waliokamatwa mbele ya wote. Waziri wa jeshi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alikasirika hadharani Februari 2023, akisema filamu ilisingizia askari wa inchi yake. Mara ngapi umeona waziri wa Ulaya anajibizana na katuni? Filamu ikimuuma mutu hivyo, iligusa fasi yenye mushipa.

Lakini jambo kubwa ni Namor. Alichorwa na Bill Everett mwaka wa 1939, mufalme wa Atlantis, mwenye mabawa madogo ku miguu. Ukimuleta vile alivyo, watu watacheka. Coogler alibaki na mabawa, akabadilisha mengine yote. Namor wa filamu, aliyechezwa na Tenoch Huerta wa Mexico, ni mutu wa ukoo wa Wamaya. Watu wake walikimbilia majini wakati Wahispania walipoleta magonjwa na utumwa. Chini kule wako na vibranium vilevile. Sasa mashine ya Wamarekani ya kutafuta madini imefika juu ya nyumba yao. Wazo moja tu limebadilishwa, na mufalme wa kuchekesha amekuwa mutu ambaye unamuogopa na kumuhurumia pamoja.

Kisha fuatana vizuri na vile vita inakuja. Wanaotafuta vibranium ni wengine. Wenye vibranium ni Wakanda na Talokan. Wanaopigana, wanaozamishana, wanaozikana, ni Wakanda na Talokan. Ule mwenye mashine ya kutafuta anakaa mbali, anasoma ripoti. Ramonda anakufa ndani ya maji. Binti yake Shuri anataka kisasi, anamufikisha Namor chini ya mukuki wake, na pale pale anasimama. Anamuacha hai. Si kwa sababu amemusamehe moyoni. Ni kwa sababu ameona nani atafurahi wakimalizana.

Mutu wa Uvira akiona hiyo, hana lazima ya mufasiri. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya inje wa Kongo na wa Rwanda walisaini mapatano ya amani Washington, na neno la madini lilikuwa mule ndani pamoja na neno la amani. Kila mutu iko na maoni yake juu ya mapatano yale, na ukurasa huu hauchagui upande. Natoa alama moja tu: ku meza ile, kama mu filamu, madini yaliitwa kwa jina. Wachimbaji waliitwa kwa jina gani?

Shujaa anayeweza kufa

Chadwick Boseman, aliyecheza T'Challa, alikufa kwa kansa tarehe 28 Agosti 2020. Alikuwa na miaka 43. Studio ingeweza kutafuta mutu mwingine na kumuvalisha nguo ileile. Mu katuni mashujaa wanakufa na kurudi kila mwaka. Walikataa. Filamu ya pili inaanza na kilio: nguo nyeupe, sanduku, ngoma, watu wanatembea nyuma ya maiti. Watu waliolia mu filamu walikuwa wanalia kwa kweli. Inchi yenye madini yote ya dunia haikuweza kumuponya mufalme wake.

Siku chache nyuma ya kifo hicho, tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilinyesha Kamituga, shimo likajaa maji, na makumi ya vijana hawakutoka. Matanga ya Kamituga haikuonekana ku televizyo za dunia vile ya Boseman ilionekana. Lakini mama aliyefiwa ni mama aliyefiwa, na ile sura ya Ramonda anayekaa bila kusema, yeye aliyezika bwana na mutoto, mama wengi wa huku waliijua mbele ya kuiona.

Naandika hayo juu ya kanuni ya tatu, ambayo ni ya lazima kwa watoto wetu. Filamu mbaya inafundisha kwamba shujaa hafi. Anaangukiwa na nyumba, anapangusa vumbi, anaendelea. Kijana wa miaka 15 aliyekula filamu hizo kila jioni anaingia asubuhi mu shimo lisilo na miti ya kushikilia, akiambiwa "ogopa wewe mwanamuke?", na hataki kuonekana muoga. Filamu nzuri inaonyesha bei. Logan, ya mwaka 2017, inamuonyesha Wolverine amezeeka, anakohoa, vidonda havifungi tena kama zamani, na mwisho anazikwa mu mawe na kamusalaba. Mutoto akiona hiyo anaelewa kwamba mwili iko na hesabu. Hiyo ni kazi ya kuokoa maisha, ingawa hakuna mutu ataiita hivyo.

Ziwa letu liko na hadisi zake

Mutu atauliza: na sisi, tutabaki kuangalia tu? Hapana. Kongo ni inchi ya katuni. Kinshasa ilianza gazeti la Jeunes pour Jeunes mwaka wa 1968. Mbele ya hapo, mu miaka ya 1950, kulikuwa filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili zilizopigwa Kasai, na baadaye Mongo Sise akawageuza kuwa BD: pale filamu njo ilizaa katuni. Na Barly Baruti, mutoto wa Kisangani, amechora ziwa letu lenyewe.

Kitabu chake kinaitwa Madame Livingstone, alikitengeneza pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, na kilitoka 2014. Ni wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, hapa ku Tanganyika. Rubani Mubelgiji anatafuta kuzamisha meli ya Wadachi, Graf von Götzen. Anayemuongoza ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kusema baba yake ni Livingstone. Meli ile si ya hadisi tu: Wadachi waliizamisha wenyewe mwaka wa 1916, Waingereza wakaitoa chini ya maji, na tangu 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Wazee wengi wa ufuko huu wanaijua sauti yake.

Hollywood ilishachukua vita hiyo ya ziwa mu riwaya ya mwaka 1935 na kuifanya filamu mwaka wa 1951: The African Queen, ya John Huston, iliyopigwa kwa sehemu Kongo na Uganda. Humphrey Bogart alipata Oscar. Ni filamu ya kufurahisha, lakini wenyeji wanapita mule kama miti ya ku njia. Wakati vita ya kweli, wale Waingereza walivuta mashua zao mbili, Mimi na Toutou, kupitia pori na milima ya Katanga mupaka ziwani mwaka wa 1915. Nani alifyeka ile njia? Nani alivuta kamba? Maelfu ya watu wa inchi hii, na filamu haikuwaona. Munaona sasa kwamba kosa la mugodi wa Wakanda liko na babu yake. Baruti yeye anamuweka muongozaji mweusi katikati ya hadisi, mwenye jina la utani, mwenye uongo wake, mwenye hasira yake. Mutu atakayekipeleka kitabu hicho ku ekrani iko na kazi nusu iliyokwisha.

Na asiseme pesa hakuna. Mwaka wa 2018, mwaka uleule wa Black Panther, Mukenya Likarion Wainaina alitoa Supa Modo. Jo ni kabinti kagonjwa sana, kanapenda filamu za mashujaa. Dada yake na kijiji kizima wanaamua kumufanyia filamu yake, yeye ndiye shujaa. Nguo ni ya kushona nyumbani. Hakuna gari linaloruka. Watu wazima wanatoka mu inchi mbalimbali wakiwa wamelia kwa sababu filamu hiyo ilishika ile kitu tumesema tangu mwanzo: kidonda, na watu wenye majina wanaokizunguka.

Maswali ya kuuliza nyumbani

Basi wazazi, filamu ya Disemba 2026 itafika, na hakuna muzazi ataizuia kwa kufunga mulango. Muiangalie pamoja na watoto kama nafasi iko. Ikiisha, muulize maswali matatu, bila kufanya darasa. Huyu shujaa anaumwa na nini? Ule adui, kuna neno moja alisema la kweli? Na hii mali yote tumeona, nani aliitoa chini?

Swali la tatu njo letu. Mutoto wa London hawezi kulifikiri peke yake, wala mwandishi wa sinema wa Paris. Mutoto wa Misisi analifikiri mara moja, kwa sababu jibu limekaa karibu naye ku mukeka, limechoka, na kesho saa kumi na moja za asubuhi litaamuka kwenda kazini. Akiwa na kalamu na daftari, mutoto huyo anaweza kuanza kuchora ile filamu ambayo Wakanda haijafanya. Mumununulie daftari.